Gemu Inakwama: Kabla Hujanunua Kadi Mpya, Pima Kwanza

Ukimwuliza muuza kadi za grafiki kwa nini gemu ya kompyuta inakwama, atakujibu kadi yako imezeeka. Ukiwauliza wachezaji wenzako, watakwambia gemu yenyewe ni takataka, walioitengeneza hawakuimalizia. Wote wanaweza kuwa sahihi, na wote wanaweza kuwa wanabahatisha. Mimi ni fundi wa kompyuta, benchi langu liko Kariakoo, na wanaokuja kwangu wengi ni vijana ambao wameshadunduliza pesa ya kadi ya grafiki na wanachotaka ni kufungiwa tu. Huwa namwomba kila mmoja anipe muda nipime kwanza. Inaniuma kuona mtu ametoa jasho la miezi kadhaa, kadi imefungwa, na gemu inakwama palepale ilipokuwa ikikwama.

Nitakayoeleza unaweza kuyafanya mwenyewe nyumbani, jioni moja, kwa programu za bure. Msingi wake ni huu: punguza mzigo, halafu uangalie unalipwa nini. Gemu iliyoandikwa vizuri, kwenye kompyuta nzima, ukiipunguzia mzigo inakulipa fremu, yaani picha nyingi zaidi kila sekunde. Ukipunguza kila kitu na usilipwe chochote, kuna mahali pameziba, ama ndani ya kompyuta ama ndani ya gemu, na ipo namna ya kujua ni wapi.

Vifaa vya kupimia

Pakua MSI Afterburner pamoja na RivaTuner Statistics Server inayokuja nayo, kisha HWiNFO ya kusoma joto na kasi ya vifaa. Afterburner inafanya kazi hata kama kadi yako si ya MSI, na huna haja ya kugusa vitelezi vyake vya kuongeza kasi. Tunachotaka ni zile namba inazoandika pembeni mwa skrini wakati unacheza. Washa FPS (idadi ya fremu kwa sekunde), mchoro wa muda wa fremu, matumizi ya kadi kwa asilimia, kasi ya kadi kwa MHz, joto la kadi, kumbukumbu ya kadi iliyotumika, matumizi ya kila uzi wa prosesa (kila kiini cha prosesa kina njia moja au mbili za kupitishia kazi, ndizo nyuzi), kasi na joto la prosesa, na RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta. Skrini itajaa namba. Vumilia, ni kwa jioni hii tu.

Katika hizo zote, muda wa fremu ndio ninaouamini zaidi. FPS 60 maana yake kila fremu imepewa milisekunde 16.7 itengenezwe na itoke. FPS 30 ni milisekunde 33.3. Lakini FPS ni hesabu ya sekunde nzima, na hesabu hiyo inaficha mambo. Chukua sekunde moja ambamo fremu 59 zimetoka kila moja kwa milisekunde 10, halafu fremu moja ikachukua milisekunde 400. Jumla ni milisekunde 990. Kihesabio kitaandika 60, na wewe umeona kwa macho yako gari limesimama karibu nusu sekunde ukiwa unaingia kwenye kona. Mtu akikuuliza unalalamikia nini wakati FPS ni 60, mwonyeshe mchoro. Mstari ulionyooka ni gemu laini. Mstari wenye miiba ni gemu inayokwama, wastani uwe mzuri kiasi gani.

Mambo ya kuondoa njiani kwanza

Angalia kama FPS imefungwa. Ikiwa imeganda kwenye 30 au 60 kamili huku kadi ikifanya kazi kwa asilimia 50, hakuna ugonjwa hapo, ni V-Sync (mpangilio unaofunga fremu zifuate mwendo wa skrini) au kikomo cha gemu yenyewe. Elden Ring, kwa mfano, imefungwa kwenye 60 kwa kila mtu.

Angalia gemu inatumia kadi ipi. Laptopu nyingi zina mbili, ile ndogo iliyomo ndani ya prosesa na ile kubwa uliyoilipia. Fungua Task Manager ya Windows wakati gemu inaendelea, uone GPU 0 na GPU 1 (GPU ndiyo kadi ya grafiki) ni ipi inayohangaika. Kama ni ile ndogo, ingia kwenye Windows Settings, System, Display, Graphics, uichague gemu na kuiwekea High performance. Kwa kompyuta ya mezani, geuza kasha utazame waya wa skrini umechomekwa wapi. Ukiwa umechomekwa kwenye ubao mama badala ya kadi, huenda kadi yako imekaa bure tangu siku ilipofungwa. Hili naliona mara nyingi kuliko unavyodhani.

Angalia toleo la gemu. Nakala nyingi zinazopeanwa kwa flashi huku kwetu zimebaki kwenye toleo la siku ya kwanza, kwa hiyo unacheza na kasoro ambazo wenzako walishatolewa miaka miwili iliyopita. Usihukumu gemu wala kompyuta kwa nakala ya namna hiyo.

Na kama mstari wa muda wa fremu umenyooka lakini wachezaji wengine wanarukaruka kwenye skrini, huo ni mtandao. Kadi haihusiki, prosesa haihusiki.

Kipimo chenyewe

Tafuta mahali ndani ya gemu unapoweza kuparudia vilevile, sokoni, mjini, penye watu wengi, na uhifadhi hapo. Gemu nyingine zina kipimo chao cha ndani: GTA V inacho, Cyberpunk 2077 inacho, na kile cha Shadow of the Tomb Raider kinakuandikia mwishoni ni asilimia ngapi ya muda ambao kadi ndiyo iliyokuwa kikwazo. Endesha kwa mipangilio yako ya kawaida, uandike namba kwenye karatasi. Kisha punguza ukubwa wa picha peke yake, kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Usiguse kingine. Kutoka nukta 2,073,600 umeshuka hadi 921,600, chini ya nusu, yaani kadi umeitua zaidi ya nusu ya nukta ilizokuwa ikichora. Rudia mwendo uleule.

FPS ikiruka kutoka 40 hadi 70, kadi ndiyo iliyokuwa imebanwa. Ikitoka 40 ikafika 42, kadi haina kosa, na tafadhali usinunue nyingine. Hiyo 42 ndiyo karibu kila kitu ambacho kadi ya milioni mbili ingekupa kwa gemu hiyo kwenye kompyuta hiyo. Naomba urudie kuisoma sentensi hiyo kabla hujaenda dukani.

Sasa, kama kadi haikubanwa, ni prosesa au ni gemu? Hapa watu wengi wanadanganywa na namba moja. Wanafungua Task Manager, wanaona prosesa iko asilimia 25, wanasema prosesa imelala. Prosesa yenye viini sita na nyuzi 12 ikiwa na uzi mmoja uliojaa pomoni, uzi huo unaonekana kama asilimia 8 tu ya jumla. Bofya kulia kwenye ule mchoro, chagua Change graph to, kisha Logical processors, uone kila uzi peke yake. Usisubiri uzi mmoja ugande kwenye 100 mwanzo hadi mwisho, kwa sababu Windows huhamisha kazi kutoka uzi huu kwenda ule. Dalili ya uhakika ni kadi iliyo chini ya asilimia 90 huku FPS haijafungwa na hairidhishi. Maana yake kadi inamsubiri mtu, na anayesubiriwa kwa kawaida ni prosesa.

Nyuzi zote zikiwa zimejaa, prosesa imezidiwa kweli. Zile kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya na kuletwa huku, nyingi zina Core i5-6500, prosesa ya mwaka 2015 yenye viini vinne na nyuzi nne. Kwa kazi nyingi bado ni nzuri na mimi mwenyewe naziuza. Ila ukiifungia kadi nzuri na kuwasha gemu mpya ya mji mkubwa, utaona zote nne zimegonga 100 na mchoro wa fremu umekuwa kama mgongo wa nungunungu. Hapo usimlaumu mtengenezaji.

Lakini uzi mmoja ukijaa na wenzake kumi na mmoja wakapumzika, na prosesa ni ya miaka ya karibuni, gemu ndiyo iliyoshindwa kugawa kazi. Ushahidi mzuri kuliko wote ninaoufahamu ni wa GTA Online. Kwa miaka watu walisubiri dakika nyingi gemu ifunguke, na wakaambizana wanunue SSD (diski ya kasi isiyozunguka), wanunue prosesa. Mwanzoni mwa 2021 mwandishi programu mmoja asiyehusika na kampuni alifungua Task Manager, hii hii uliyonayo wewe, akaona kwa dakika kadhaa kiini kimoja kinafanya kazi peke yake huku diski, mtandao na kadi vimekaa kimya. Akachimba. Kumbe gemu ilikuwa inasoma faili la megabaiti 10 lenye orodha ya bidhaa kama 63,000, kwa njia iliyoilazimu kupima urefu wa maandishi yaliyobaki upya kila inaposoma kitu kimoja. Alipoweka kiraka chake, kwenye kompyuta yake dakika 6 zikawa dakika 1 na sekunde 50. Rockstar, kampuni yenye gemu hiyo, wakakubali, wakatoa sasisho mwezi wa Machi mwaka huohuo, na wakamlipa dola 10,000. Hakuna aliyebadilisha hata skrubu ya kompyuta.

Chaja, joto na vumbi

Kasi ya prosesa na ya kadi ndizo namba ambazo watu hawazitazami kabisa. Kadi inaweza kusoma asilimia 99 na bado ikawa inatembea kwa mwendo wa kobe, kwa sababu asilimia hiyo ni ya ule mwendo iliyonao wakati huo.

Kijana mmoja aliniletea laptopu ya gemu, viini sita, kadi ya GTX 1650.

"Shikamoo fundi. Hii gemu wameiharibu na sasisho jipya. Mwanzo ilikuwa inacheza vizuri kabisa."

"Marahaba. Sasisho limeingia lini?"

"Wiki iliyopita."

"Na kitu gani kingine kimebadilika wiki iliyopita?"

Akafikiri kidogo. "Chaja tu. Ile yenyewe iliungua, nikachukua nyingine mtaani."

Nikafungua HWiNFO. Joto la prosesa sentigredi 52, kasi 0.79 GHz, haipandi wala haishuki. Prosesa yenye sentigredi 52 haina sababu yoyote ya kujikongoja hivyo. Nikaigeuza ile chaja: wati 65. Kibandiko cha chini ya laptopu kinadai wati 150. Laptopu nyingi zikichomekewa chaja isiyozitosha, au zisiyoitambua, hujipunguzia kasi zenyewe ili zisivute umeme ambao haupo. Nikachukua chaja ya wati 150 rafuni, nikachomeka, na akaiona kwa macho yake namba ile inapanda kutoka 0.79 mpaka 3.9. Sasisho lilikuwa limelaumiwa kwa sababu lilifika wiki moja na chaja.

Joto nalo lina alama zake. Prosesa nyingi za Intel za laptopu huanza kujibana zikikaribia sentigredi 100, na HWiNFO ina mstari wa Thermal Throttling unaoandika Yes au No, huna haja ya kukisia. Dar es Salaam mwezi wa Februari, chumba hakina kiyoyozi, laptopu iko juu ya godoro na mapezi ya kupoozea yamezibwa na vumbi, jibu litakuwa Yes. Kusafisha feni na kubadilisha pesti ya prosesa ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kadi.

Kuna gemu nyingine zinaanza vizuri, baada ya nusu saa zinaharibika. Inaweza kuwa joto, inaweza kuwa gemu inavujisha kumbukumbu, yaani inachukua RAM na hairudishi. Kuzitofautisha ni rahisi: gemu ikishaharibika, ifunge na uifungue tena papo hapo, kompyuta ikiwa bado ya moto. Ikirudi kuwa laini, joto halikuwa tatizo, gemu ndiyo iliyokuwa imevimba. Ikiendelea kukwama vilevile, safisha feni.

Kumbukumbu: ya kadi, ya kompyuta, na diski

Kumbukumbu ya kadi ikijaa, gemu haizimi. Inaanza kuazima RAM ya kawaida, na picha zinasafirishwa kwenda na kurudi kupitia njia ambayo ni ya polepole mno kwa kazi hiyo. Kwenye Task Manager, ukurasa wa GPU, kuna Dedicated GPU memory na Shared GPU memory. Ya kwanza ikijaa na ya pili ikapanda kila unapoingia mtaa mpya, umepata jibu. Dawa yake ni kushusha ubora wa teksicha peke yake, zile picha zinazovalishwa kuta, nguo na ardhi, kwa sababu teksicha hula kumbukumbu na karibu hazili nguvu ya kadi. Nawaona watu wanashusha vivuli, majani, maji, kila kitu, halafu teksicha wanaziacha Ultra kwenye kadi ya GB 4.

Ila hata hapa gemu inaweza kuwa na kosa. The Last of Us Part I ilipotoka kwenye PC tarehe 28 Machi 2023, kadi za GB 8 zilijaa kwa mipangilio ya juu, na ukishuka hadi ya kati kuta na nguo zilikuwa kama zimepakwa matope. Miezi iliyofuata waliitolea viraka, teksicha za chini zikapendeza na kumbukumbu ikatosha. Kadi za watu zilikuwa zilezile. Unapoona umeshusha teksicha na gemu imekuwa mbaya kupita kiasi huku gemu nyingine ikipendeza kwa nusu ya kumbukumbu hiyo, usione haya kusema gemu haijaiva.

Kwa upande wa RAM, fungua Task Manager, Memory, usome Slots used. Ikiandika 1 of 2, una kijiti kimoja na unatumia nusu ya upana wa njia. Kwa laptopu zinazotegemea kadi ya ndani ya prosesa hili ni pigo kubwa, kwa sababu kadi hiyo haina kumbukumbu yake, inakula kwenye RAM hiyohiyo. Laptopu zilizouzwa kwa jina la Iris Xe zikiwa na kijiti kimoja, Windows huziandika Intel UHD Graphics. Ongeza kijiti cha pili, jina la Iris Xe linarudi, na fremu zinaongezeka. Kwa mtu wa namna hiyo kijiti cha GB 8 ndiyo kadi mpya ya bei nafuu kuliko zote.

Diski sina mengi. Kama miiba inatokea wakati diski imegonga asilimia 100, na diski ni ile ya kuzunguka, hamishia gemu kwenye SSD. Starfield imeandika wazi kwamba inadai SSD, na si peke yake.

Sikiliza inakwama vipi

Namna gemu inavyokwama ina ujumbe wake. Ikikwama mara ya kwanza unapolipua kitu au adui mpya anapotokea, halafu mara ya pili mahali hapohapo ikapita laini, ni sheda zinazotengenezwa wakati unacheza. Sheda ni vipande vya programu vinavyoiambia kadi namna ya kuchora moto, maji, ngozi, na kila aina ya kadi inatengenezewa vyake. Gemu nzuri huvitengeneza kabla hujaanza, kwenye ile skrini ya kusubiri inayowaudhi watu. Isubiri hadi mwisho. Ukibadilisha draiva, programu inayoiendesha kadi, kazi hiyo kwa kawaida huanza upya, kwa hiyo usiogope ukiona imekwama tena siku hiyo.

Ikikwama kila mara kwenye mstari uleule, mlango uleule, daraja lilelile, hata ukipita mara tano, ni gemu inapakia eneo jipya vibaya. Star Wars Jedi: Survivor ya Aprili 2023 ilisumbua hata kompyuta za bei mbaya. Hakuna kadi inayotibu ugonjwa huo.

Elden Ring ilipotoka Februari 2022 ilionyesha jambo hili vizuri. Kwenye Windows ilikwama hata kwenye mashine zenye nguvu kupindukia. Siku hizohizo ikatoka Steam Deck ya Valve, mashine ndogo ya mkononi, na Valve wakaweka rekebisho kwenye mfumo wao wa Linux. Ile mashine dhaifu ikawa na kukwama kuchache kuliko kompyuta kubwa. Kifaa dhaifu kikiwa laini kuliko kifaa chenye nguvu kwa gemu ileile, kesi ya vifaa imekwisha.

Kadi kugonga 99 hakuisafishi gemu

Hapa natofautiana na mafundi wenzangu wengi. Wao wakiona kadi iko asilimia 99 wanafunga mjadala: kadi ndogo, nunua kubwa. Asilimia hiyo inasema kadi ina kazi. Haisemi kama kazi hiyo ilikuwa na maana.

Cities: Skylines II ilitoka tarehe 24 Oktoba 2023, na Colossal Order walioitengeneza wenyewe walikiri kabla ya siku hiyo kwamba haijafikia kasi waliyoikusudia. Kadi zilijaa hadi juu. Wachunguzi walipoifungua fremu moja wakakuta watu wa mjini, wale unaowaona kutoka juu wakiwa wadogo kama sisimizi, wamechongwa hadi meno ndani ya mdomo, na hawakuwa na umbo jepesi la kutumika wakiwa mbali. Kadi ilikuwa inachora meno ambayo hakuna binadamu angeyaona. Ndiyo maana baada ya kuona 99 namuuliza mtu swali la pili: unapata picha gani kwa hizo 99? Weka gemu hiyo kando ya gemu nyingine ya miaka hiyohiyo inayofanana nayo. Kama ile nyingine inapendeza zaidi na inakupa fremu mara mbili kwenye kadi ileile, kadi yako haina deni.

Kwa sababu hiyo, kila kompyuta ninayopima huwa naiwekea gemu ya shahidi. Mimi natumia Doom Eternal ya 2020, kwa kuwa imeandikwa kwa ustadi mkubwa, na GTA V kwa kuwa karibu kila mtu anayo na namba zake zimejaa YouTube kwa kila kadi uliyowahi kuisikia. Tafuta mtu mwenye kadi yako na prosesa yako, mipangilio ileile, ulinganishe. Yeye akipata 80 na wewe 45 kwa gemu zote, kompyuta yako inaumwa, rudi kwenye joto, chaja na vijiti vya RAM. Kama gemu zote ziko sawa naye isipokuwa hiyo moja, na yeye kwenye hiyo moja analia kama wewe, acha kufungua kasha.

Na tuwe waadilifu. Gemu kuwa nzito si lazima iwe mbovu. Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 inadai kadi yenye vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga, na GTX 1060 haina. Kadi ile imefanya kazi yake tangu 2016, apumzike. Alan Wake 2 ilipotoka Oktoba 2023 iliziumiza kadi za GTX 10 kwa sababu ilitegemea uwezo ambao kadi hizo hazina, ingawa sasisho la Machi 2024 lilizipunguzia maumivu. Hizo ni gemu zilizoamua kwenda mbele, na mtu anaruhusiwa kuamua hivyo mradi aandike wazi. Ninayemkasirikia ni yule anayeficha kwenye maandishi madogo. Mahitaji ya Monster Hunter Wilds yalipotangazwa mara ya kwanza, FPS 60 kwa 1080p (ile 1920 kwa 1080) katika mipangilio iliyopendekezwa ilipatikana kwa kuwasha fremu za kubuni, zile ambazo kadi inajazia katikati ya fremu za kweli. Soma mahitaji hadi neno la mwisho: ni FPS ngapi, picha ukubwa gani, na kwa msaada wa nini.

Fanya haya ndani ya saa mbili

Steam, duka la gemu la mtandaoni, wanarudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue, ukiwa hujacheza zaidi ya saa 2. Ule muda wa kutengeneza sheda ukiwa gemu iko wazi nao unahesabiwa, kwa hiyo gemu ikikula dakika 40 za kusubiri, una saa moja na dakika 20. Usizimalizie kwenye kuchagua nywele za mhusika. Washa Afterburner kabla ya gemu, ingia hadi mahali penye watu wengi, endesha 1080p, endesha 720p (ile 1280 kwa 720), pita mlango uleule mara mbili, piga picha ya skrini kila hatua, kisha toka uzitazame.

Kama kosa ni la kompyuta, unayo orodha ya mahali pa kuanzia na nyingi hazigharimu kadi. Kama kosa ni la gemu, omba pesa yako, au ibakize uisubiri viraka kama unaipenda. Batman: Arkham Knight ya Juni 2015 ilikuwa na hali mbaya kiasi kwamba Warner Bros. walioitoa waliisimamisha isiuzwe kwenye PC hadi Oktoba, na walifika hapo kwa sababu wachezaji walilalamika kwa wingi na kudai pesa zao. Kwenye sanduku la maelezo la ombi la kurudishiwa pesa usiandike kwamba gemu ni mbovu. Andika namba: Ryzen 5 3600, RTX 3060, RAM GB 16 vijiti viwili, SSD, draiva ya mwezi huu, 1080p FPS 41, 720p FPS 43, kadi asilimia 55, joto la kawaida, inakwama kila mara kwenye lango la kusini.